Ndege ya mizigo inayopiga kwa ubavu

Mimi ni fundi wa ndege, miaka mingi nimeshinda chini ya DC-3 za mizigo pale uwanja wa Wilson, Nairobi, sasa mtu akiniuliza AC-130, ile ndege ya mizigo Wamarekani waliyoigeuza ya vita, inapigaje na pua yake haina hata bunduki moja huwa nacheka, maana watu wote macho yako kwenye mzinga na ujanja wenyewe uko kwenye kona.

Umeshaona mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi akizunguka kamba imekaza? Ubavu mmoja unatazama kigingi muda wote. Rubani naye ni hivyohivyo, anailaza ndege kushoto anazunguka, na bunduki zimefungwa ubavu huohuo zinatazama palepale. Mbona kushoto? Kapteni si anakaa kushoto bana, shabaha anailenga kupitia dirisha lake. Jeti inapiga ikipita, mpaka igeuze irudi adui kashahama. Hii haiondoki, na tumbo la mizigo linabeba risasi na mafuta ya masaa.

Wamarekani waliiingiza vitani Vietnam Desemba 1964 kwa C-47, yaani DC-3 ya jeshi, wakaiita AC-47. Minigani tatu, yaani bunduki za mitutu inayozunguka, mbili kwenye madirisha ya nyuma na moja kwenye mlango wa mizigo, kila moja inaweza kutema risasi 6,000 kwa dakika. Mlango ule mimi naujua, sisi tulikuwa tunapitishia madumu na magunia, siku nyingine mbuzi wazima! Baadaye ikaja C-130, ndege ya mizigo kubwa zaidi, ndiyo ikawa AC-130, na 1972 wakaiwekea mzinga wa milimita 105, ule wa jeshi la nchi kavu kabisa, mtu anaujaza kwa mikono humo humo hewani.

Shida ni kwamba ndege inayozunguka polepole hata wewe unajua sekunde ijayo itakuwa wapi, ndiyo maana hupenda usiku. Tarehe 31 Januari 1991 kule Khafji, Saudia, kwenye Vita vya Ghuba, kulikucha AC-130 moja bado iko juu, ikatunguliwa, wote 14 wakafa.

Ya kwetu sasa, 14 Machi 1994, kipindi cha operesheni za Somalia. Hapo hakuna adui aliyerusha kitu, risasi ya ule mzinga wa 105 ililipuka ndani ya mtutu, moto ukashika injini, ndege ikaangukia baharini karibu na Malindi, watu 8 kati ya 14 wakafa. Injini zilizoshika moto ni za kushoto, upande uleule wa mzinga.