Kipimo Kikisoma Sifuri: Kupima Risasi na Kadimi Katika Maji ya Ziwa

Maji ya ziwa yanaweza kung'aa kabisa na bado yakawa na risasi au kadimi. Metali hizi zenye sumu hazina harufu, na kuchemsha hakuziondoi. Maji yakipungua kwa mvuke, zinazobaki sufuriani zinakolea zaidi. Mto Mirongo unakatiza jiji la Mwanza kabla ya kuingia ziwani, kwa hiyo pwani hii inahitaji kupimwa mara kwa mara.

Kihisi cha kielektrokemia kinaweza kupima hapo hapo mwaloni. Ni kipande cha plastiki kilichochapwa elektrodi tatu, yaani ncha za kupitishia umeme, na ile inayofanya kazi ni ya kaboni yenye utando wa metali ya bismathi. Inapewa takribani volti -1.2 kwa dakika mbili, maji yakikorogwa, na metali inaganda juu yake. Ukishaacha kukoroga, volti inapandishwa taratibu: kadimi inang'oka karibu na -0.8, risasi karibu na -0.5, na kila moja inachora kilele chake cha mkondo wa umeme kwenye skrini. Kule kukusanya kwanza ndiko kunakowezesha kuona mikrogramu chache kwa lita. Viwango vya Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 za risasi na 3 za kadimi kwa lita.

Kikisoma sifuri, usishangilie bado. Mwani na mabaki ya viumbe hushikilia metali, na kihisi hakioni iliyoshikiliwa. Sampuli ya namna hiyo imeng'enywe kwanza kwa asidi na joto ili metali iachiliwe. Uchafu huo huo hufunika elektrodi na kufupisha kilele. Asidi nayo ina kipimo chake: bafa ya asetati, myeyusho unaoshikilia kiwango cha asidi kisiyumbe, ifikishe pH 4.5, kwani ikishuka mno viputo vya haidrojeni vinatokea kwenye elektrodi na mchoro unavurugika.

Usitegemee mchoro wa kiwandani wa kugeuza kilele kuwa mikrogramu. Ongeza kiasi unachokijua. Changanya mililita 5 za sampuli na 5 za bafa, pima, kisha tia mikrolita 100 za myeyusho wa risasi wa miligramu 1 kwa lita. Umeongeza takribani mikrogramu 10 kwa lita. Kilele kikitoka mikroampea 2 hadi 6, mchanganyiko ulikuwa na 5, maana yake maji yenyewe yana 10. Wengi husahau kuzidisha kwa mbili hapo, na maji yaliyofika ukomo yanaandikwa kuwa salama.

Chupa za plastiki zilowekwe usiku kucha katika asidi ya naitriki ya asilimia 10, zisuuzwe kwa maji yaliyokenekwa. Chupa ya soda iliyosuuzwa ziwani haifai.

Zebaki, ambayo wachimbaji wadogo wa Geita huitumia kukamatisha dhahabu, inataka elektrodi ya dhahabu na chupa ya kioo, maana hupenya na kupotea kwenye plastiki ya kawaida. Tena huzama haraka na kujificha kwenye tope, hivyo karibu na marudio ya machimbo, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa na kutolewa dhahabu, chota na tope pia, lipimwe maabara.