Kiebrania kilichojificha ndani ya Kiswahili: nafsi, haramu, karibu na maneno mengine ya Agano la Kale

Hesabu kwa makumi: ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, sitini, sabini, themanini, tisini. Sasa zisikilize hesabu hizohizo katika Kiebrania cha Torati: esrim, sheloshim, arbaim, khamishim, shishim, shivim, shemonim, tishim. Mia ni mea. Elfu ni elef.

Kiebrania na Kiarabu ni ndugu wa tumbo moja, na Kiswahili kimekaa na Kiarabu pwani kwa karne nyingi, kikachukua maneno na kuyafanya yake. Ndiyo maana anayesoma Agano la Kale kwa Kiswahili mara nyingi anatamka mzizi uleule alioutamka Isaya bila kujua. Ni faida kubwa, na sioni mafundisho yetu ya Biblia yakiitumia ipasavyo. Lakini undugu wa maneno una mitego yake: neno moja litakufungulia aya nzima, na jingine litakupoteza kabisa.

Kwanza sauti, kwa kuwa hazibadiliki ovyo. Palipo na "sh" ya Kiebrania, upande wetu mara nyingi kuna "s": shalom na salama, sheva na saba, shamayim (mbingu) na samawati, lile neno tunalolitumia kwa rangi ya anga. Wakati mwingine "sh" hiyo hujibiwa na "th", kama sheloshim na thelathini. Kiebrania kina "s" nyingine, iitwayo sin, ambayo kwetu hugeuka "sh": esrim, ishirini. "Z" hukutana na "dh": zahav ni dhahabu, mizbeakh ni madhabahu. "Ts" hutoka kama "s" au "dh": tsedaka na sadaka, erets na ardhi. "O" ndefu ya Kiebrania mara nyingi ni "a" ya Kiarabu, na shalom na salama ni mfano wake. Maneno mawili yakifanana sikioni huku yakivunja kanuni hizi, usiyafungishe ndoa.

Tuanze na nafsi, maana hapa ndipo mafundisho mengi yanapopindia. Kwa Kiebrania ni nefesh, nalo limetumika zaidi ya mara 700. Tukisikia "nafsi" sisi tunafikiria kitu cha ndani, kisichoonekana, kinachoishi mwilini kama mpangaji. Angalia Mwanzo 2:7 inavyosema: mavumbi ya ardhi, kisha pumzi ya uhai puani, na mtu akawa nefesh hai. Hakupewa nefesh. Amekuwa nefesh. Maneno hayohayo mawili, nefesh khayya, yametumika katika Mwanzo 1:20 na 1:24 kwa viumbe wa majini na wanyama wa nchi kavu, ila watafsiri huko wakachagua "kiumbe hai" au "uhai", na msomaji hana njia ya kujua kwamba ni neno lilelile. Katika Hesabu 6:6 Mnadhiri anakatazwa kukaribia nefesh iliyokufa, yaani maiti. Katika Walawi 17:11 nefesh ya mwili imo katika damu, na hapo tafsiri zetu zinasema "uhai", na zinasema sawa.

Maana ya zamani zaidi ya nefesh inagusika kwa mkono: koo, mahali pumzi na chakula hupita. Zaburi 69:1 inasema maji yamefika mpaka nefesh. Nafsi kwa maana ya moyo wa ndani haijai maji. Aya inayofuata inamwonyesha mtu huyu akizama matopeni, pasipo pa kusimama, na aya ya 3 inasema koo lake limekauka kwa kulia. Ni mtu ambaye maji yamemfika shingoni. Yona 2:5 ina picha ileile: maji mpaka nefesh, mwani umemzonga kichwani. Na hapa Kiswahili kina hazina ambayo lugha nyingi za tafsiri hazina. Sisi tunasema "amemkaba roho". Anayekabwa roho amekabwa koo. Tayari tuna neno moja linalobeba koo na uhai pamoja, sawa na Kiebrania. Kwa hiyo ukifundisha Zaburi 69 huhitaji kueleza mengi: maji yamemkaba roho.

Roho yenyewe, kwa Kiebrania ruakh, ni neno jingine, na tafsiri ya Union Version ya 1952 huyachanganya mara kwa mara. Mfano mashuhuri ni Ezekieli 18:4, "roho ile itendayo dhambi itakufa". Neno la Kiebrania pale ni nefesh. Ezekieli anaijibu methali iliyotajwa katika aya ya 2, ya baba waliokula zabibu kali na watoto wakatiwa ganzi la meno. Jibu lake ni kwamba mtu yule aliyetenda dhambi ndiye atakayekufa, mwanawe hatakufa kwa ajili yake. Anayejenga juu ya aya hiyo fundisho la kufa kwa roho baada ya mwili amejenga juu ya chaguo la mtafsiri.

Neno la pili la kukaa nalo ni haramu. Kiebrania: kherem. Sikio letu husikia uchafu, nguruwe, mali ya wizi. Ukiisoma Yoshua 6 na 7 kwa sikio hilo, utadhani dhahabu ya Yeriko ilikatazwa kwa sababu ni najisi. Sura inasema kinyume. Mji umewekwa kherem kwa BWANA, na fedha, dhahabu, vyombo vya shaba na vya chuma ni vitakatifu, viingie hazina ya BWANA (6:19). Akani alichukua joho zuri la Shinari, shekeli 200 za fedha na kabari ya dhahabu ya shekeli 50 (7:21). Kosa lake lilikuwa kunyakua kilichokwisha kuwa cha Mungu. Watafsiri waliandika "wakfu", na ni chaguo zuri, kwa kuwa mali ya wakfu haiuzwi wala hairithiwi. Wasomaji Waislamu wanaweza kutusaidia hapa: Msikiti wa Makka unaitwa Masjid al-Haram kutoka mzizi huohuo, na hakuna anayedhani ni mahali pachafu. Ni mahali palipozungushiwa mpaka. Shika maana hiyo ya mpaka, na Yoshua 7 itasomeka.

Karibu. Neno linalotamkwa kwenye kila mlango wa Waswahili lina mzizi k-r-b, na mzizi huo ndio unaotawala Walawi 1 hadi 7. Kitendo hikriv, kinachotafsiriwa "kutoa" sadaka, maana yake ni kusogeza karibu, na kile kinachosogezwa huitwa korban. Marko 7:11 imeliacha neno hilo lilivyo, Korbani. Kwa hiyo Walawi 1:2, ukiifuata sauti, inasema: mtu wa kwenu akileta karibu kileta-karibu kwa BWANA. Kwa Kiswahili inagongana, lakini inaonyesha kitabu kinahusu nini: umbali kati ya mtu na hema, na jinsi ya kuupunguza bila kufa. Neno letu "sadaka" limefunika sadaka tano tofauti: ya kuteketezwa (ola, "inayopanda", kwa kuwa yote hupanda kwa moshi), ya unga (minkha), ya amani (shelamim), ya dhambi (khatat) na ya hatia (asham). Anayesoma haraka anadhani zote ni kitu kimoja.

Na ndugu halisi wa neno "sadaka" haimo katika orodha hiyo. Tsedaka katika Agano la Kale ni haki. Ndiyo aliyohesabiwa Abramu katika Mwanzo 15:6, na ndiyo Amosi anayotaka itiririke katika 5:24. Maana ya kutoa msaada kwa maskini ilishika nguvu katika Kiebrania cha baadaye. Ukirudi nyuma na maana hiyo mpaka kwa Amosi, utamfanya nabii aombe mchango, wakati anadai mahakama isiyopokea rushwa langoni (5:12).

Mtego mkali kuliko yote ni huu. Khesed ndilo neno ninalolipenda zaidi katika maandiko haya: upendo unaotimiza ahadi hata pale mwenzako alipoivunja. Zaburi 136 inalirudia katika kila aya kati ya aya zake 26, nasi tunaimba "kwa maana fadhili zake ni za milele". Mwenye khesed huitwa khasid, mcha Mungu. Kiswahili kina "hasidi", naye ni mwenye husuda, mtu wa kuombewa aondoke njiani. Herufi zinalingana, maana zimepeana mgongo. Undugu wa herufi ni mwaliko wa kuchunguza tu, na matumizi ndani ya maandiko ndiyo yanayoamua maana.

Kafara nayo inahitaji tahadhari. Mtaani kutoa kafara ni kuepusha balaa, na wakati mwingine ni neno la kutisha, mtu kumtoa ndugu yake apate utajiri. Katika Walawi 16 kitendo ni kiper, cha mzizi huohuo, na tafsiri ya 1952 inasema "kufanya upatanisho". Fuata kazi yenyewe ilivyofanywa, siku ya 10 ya mwezi wa 7: kuhani mkuu anaoga, anavaa kitani, anapiga kura juu ya mbuzi wawili, anachinja fahali kwa ajili yake na nyumba yake, anaingia na chetezo cha makaa na konzi mbili za uvumba uliosagwa laini, ananyunyiza damu mara 7 mbele ya kaporet, kifuniko cha sanduku la agano. Kisha anamtia mikono mbuzi aliye hai, anaungama juu yake, na mbuzi anapelekwa jangwani. Damu inapakwa kwenye vitu na mahali. Katika sheria hizi za makuhani, Mungu hatajwi popote kuwa ndiye anayefanyiwa kiper, kana kwamba analainishwa. Kinachosafishwa ni patakatifu, kwa ajili ya watu. Kaporet ilikuwa kifuniko cha dhahabu safi, dhiraa mbili na nusu kwa moja na nusu (Kutoka 25:17), yaani karibu sentimita 112 kwa 67. Tafsiri huiita "kiti cha rehema", lakini "kiti" hakimo katika Kiebrania.

Kuhusu malaika na Shetani nitapita haraka. Malakh ni mjumbe yeyote. Katika Mwanzo 32:1 malakhim wa Mungu wanakutana na Yakobo, na katika aya ya 3 Yakobo anatuma malakhim kwa Esau. Kwetu wa kwanza ni malaika na wa pili wajumbe. Satan ni mpinzani, na katika 1 Samweli 29:4 Wafilisti wanahofia kwamba Daudi atakuwa satan wao vitani. Malaika wa BWANA mwenyewe anasimama njiani kama satan mbele ya Balaamu (Hesabu 22:22). Katika Ayubu 1 na 2 neno lina kiambishi ha-, yaani "yule mpinzani", cheo katika baraza la Mungu, na halijawa jina la mtu. Kiswahili hakina kiambishi cha namna hiyo, kwa hiyo "Shetani" kwa herufi kubwa hufuta tofauti hiyo.

Anayetaka kuchunguza mwenyewe atatumia namba za Strong (kila neno la Kiebrania limepewa namba yake), zinazopatikana kwenye programu nyingi za Biblia: nefesh ni H5315, ruakh H7307, khesed H2617, kherem H2764. Matatizo matatu hujirudia. La kwanza, mtu huona orodha ya maana kumi chini ya namba, akachagua inayompendeza. Aya moja haibebi maana zote, kwa hiyo soma kwanza aya nyingine tano au sita zenye namba ile. La pili, namba haionyeshi umbo la kitendo. H3722 inabeba kiper ya Walawi na pia kafar ya Mwanzo 6:14, ambapo Nuhu anaipaka safina lami ndani na nje. Ni maumbo mawili tofauti, na mahubiri ya "damu ni lami ya safina" hutokea kwa kutoyatenganisha. La tatu ni dogo lakini linakatisha tamaa: hesabu za aya hazilingani. Biblia ya Kiebrania mara nyingi huhesabu kichwa cha zaburi kama aya, kwa hiyo 69:1 yetu ni 69:2 huko. Yona 2:5 ni 2:6, Mwanzo 32:1 ni 32:2, na Malaki ina sura 3 badala ya 4. Usidhani umekosea neno kabla hujasogeza aya moja mbele.

Jambo la mwisho ni la kuandika. BWANA kwa herufi kubwa ni jina la herufi nne, YHWH, lililomo zaidi ya mara 6,800. Bwana kwa herufi ndogo ni adon au adonai. Zaburi 110:1, "Neno la BWANA kwa Bwana wangu", ina wawili tofauti. Ukinakili aya kwenye simu ukaandika yote kwa herufi ndogo, umewafanya mmoja.

Zoezi zuri la kuanzia ni Ezekieli 37:1-14. Chukua penseli na uweke alama kila unapokuta roho, pumzi au upepo. Kwa Kiebrania ni ruakh mara 10. Nne kati ya hizo zimo katika aya ya 9 pekee, pale nabii anapoamriwa kuutabiria upepo, kuuambia upepo, na kuiita pumzi kutoka pepo nne. Isome kwa sauti ukiweka "ruakh" katika kila alama, uone bonde lile la mifupa linavyoanza kuvuma.