Leksionari: masomo ya Misa yanavyopangwa katika mwaka wa Kanisa

Dominika (Jumapili) ya tarehe 12 Julai 2026, msomaji wa kigango, yaani tawi la parokia, kilichoko kisiwani Ukara katika Ziwa Victoria na msomaji wa parokia ya katikati ya jiji la Mwanza watasoma maneno yaleyale: Isaya 55:10-11, habari ya mvua inayoshuka na kuinywesha ardhi kabla ya kurudi ilikotoka. Zaburi itakuwa moja, waraka mmoja, Injili moja, ile ya mpanzi aliyetoka kwenda kupanda. Si paroko wala katekista aliyeketi kuyachagua. Yamepangwa tayari katika leksionari.

Leksionari ni mpango rasmi wa Kanisa unaoonyesha ni sehemu zipi za Biblia zisomwe katika ibada, siku kwa siku, mwaka mzima. Jina limetokana na neno la Kilatini lectio, yaani usomaji. Vigangoni wengi husema tu “masomo ya Misa”, na kitabu chenyewe hukiita kitabu cha masomo. Tusikichanganye na kalenda ya liturujia. Kalenda inakuambia leo ni siku gani, rangi ya mavazi ni ipi, na inataja masomo kwa vifupisho. Kitabu cha masomo kinakupa maandishi yenyewe, yakiwa yamekwisha kukatwa pale yanapoanzia na kuishia. Katekista mwenye kalenda na Biblia tu anaweza kuongoza ibada ya Dominika bila padre na asipungukiwe na kitu, ila itambidi ajue kuvisoma vifupisho hivyo, na hapo ndipo wengi wanapokwama.

Desturi hii ina mizizi ya kale. Katika sinagogi ilisomwa Torati, kisha manabii. Ndiyo maana katika Luka 4 Yesu anapewa chuo cha Isaya pale Nazareti. Mpango unaotumiwa na Wakatoliki leo ni wa mwaka 1969. Kabla yake masomo ya Dominika yalikuwa mawili, yakijirudia kila mwaka, na Agano la Kale lilisikika kwa nadra sana siku hiyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, uliagiza hazina za Biblia zifunguliwe kwa ukarimu zaidi. Leksionari mpya ikaanza kutumika Dominika ya kwanza ya Majilio, kipindi cha kujiandaa kwa Noeli, tarehe 30 Novemba 1969.

Mzunguko wa Dominika ni wa miaka mitatu. Mwaka A ni wa Mathayo, B ni wa Marko, C ni wa Luka. Yohane hana mwaka wake, lakini husomwa sana wakati wa Kwaresima na Pasaka. Na kwa kuwa Injili ya Marko ni fupi, katika Mwaka B Dominika ya 17 hadi ya 21 huchukua sura ya 6 ya Yohane, ile ya mkate wa uzima.

Kuujua mwaka ni hesabu ndogo. Jumlisha tarakimu za mwaka, gawanya kwa 3, tazama kinachobaki. Kwa 2026, 2+0+2+6 ni 10. Inabaki 1, basi ni Mwaka A. Kwa 2027 inabaki 2, ni B. Kwa 2028 haibaki kitu, ni C. Mtego uko mwishoni mwa mwaka, kwa sababu mwaka wa Kanisa hausubiri Januari. Huanza Dominika ya kwanza ya Majilio, iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, kati ya 27 Novemba na 3 Desemba. Hivyo tarehe 29 Novemba 2026 tunakuwa tumeshaingia Mwaka B. Msomaji atakayesahau atasoma Isaya 2 badala ya Isaya 63 na 64, na kwa kuwa kote ni Isaya, kosa linaweza lisigundulike mpaka mahubiri yaanze.

Siku za juma zina mzunguko wake wa miaka miwili: mwaka usiogawanyika kwa 2 ni Mwaka wa I, unaogawanyika ni wa II. Kinachobadilika katika Kipindi cha Kawaida, yaani majuma yaliyo nje ya Majilio, Noeli, Kwaresima na Pasaka, ni somo la kwanza na zaburi yake. Injili ni ileile kila mwaka: Marko kuanzia juma la 1 hadi la 9, Mathayo la 10 hadi la 21, Luka la 22 hadi la 34.

Namba za majuma ndizo zinazowasumbua hata wasomaji wazoefu. Kipindi cha Kawaida kina vipande viwili, kimoja kabla ya Kwaresima na kingine baada ya Pentekoste. Watu hudhani kipande cha pili kinaendelea pale cha kwanza kilipoishia. Sivyo. Kinahesabiwa kinyumenyume kutoka mwisho, ambapo Sherehe ya Kristo Mfalme lazima iwe Dominika ya 34. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu ilikuwa 18 Februari, katikati ya juma la 6. Pentekoste ni 24 Mei. Anza na Kristo Mfalme, 22 Novemba, rudi nyuma Dominika moja moja, utaona kwamba Jumatatu ya 25 Mei inafungua juma la 8. Juma la 7 halipo kabisa mwaka huo. Anayefuata alamisho la kitabu bila kutazama kalenda atafungua la 7.

Zipo pia sherehe zinazoifunika Dominika. Tarehe 1 Novemba 2026 ni Dominika ya 31, lakini ni Sherehe ya Watakatifu Wote. Yanasomwa masomo ya sherehe, kuanzia Ufunuo 7, na yale ya Dominika ya 31 hayasomwi mwaka huo.

Yote haya yanategemea Pasaka, na Pasaka inafuata mwezi: ni Dominika ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake, mwezi huo ukihesabiwa kwa majedwali ya Kanisa. Haiwezi kutangulia 22 Machi wala kupita 25 Aprili. Watu wa mwaloni, kule mitumbwi ya uvuvi inakotia nanga, wanaielewa hesabu hii upesi, kwa kuwa dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikishika mitumbwi hupumzika. Pasaka daima huja karibu na mbalamwezi.

Sasa tuingie ndani ya Dominika moja, maana hapa ndipo mpango unapoonyesha akili yake. Somo la kwanza, zaburi, somo la pili, shangilio, Injili. Katika Kipindi cha Kawaida Injili ndiyo inayotangulia kupangwa, na somo la kwanza linatafutwa katika Agano la Kale ili liitikie Injili hiyo. Tarehe 12 Julai Yesu anasimulia mbegu, na Isaya ameshatangulia kusema juu ya mvua na mbegu. Tarehe 9 Agosti Petro anatembea juu ya maji yenye upepo mkali, na katika somo la kwanza Elia amekwisha kujifunza kwamba Bwana hakuwamo katika upepo. Zaburi nayo ni jibu la watu kwa somo la kwanza. Kwa hiyo kwaya isiibadilishe kwa wimbo wowote wenye mdundo mzuri. Ikibadilishwa, somo limebaki bila jibu.

Somo la pili lina njia yake. Linafuata waraka wa mtume kipande kwa kipande, Dominika hadi Dominika, pasipo kuitazama Injili ya siku. Mwaka A Waraka kwa Warumi huanza Dominika ya 9 na kwenda hadi ya 24. Tarehe 12 Julai ni Warumi 8:18-23, wiki inayofuata ni 8:26-27, kisha 8:28-30. Mhubiri anayehangaika kuunganisha mpanzi na kuugua kwa viumbe vyote kunakotajwa katika waraka huo anajitesa bure. Uhusiano huo hakuna aliyeupanga. Afadhali achague moja: ahubiri Isaya pamoja na Injili, au achukue Dominika kadhaa mfululizo kuufundisha waraka. Katika vipindi vikubwa utaratibu ni tofauti. Wakati wa Pasaka somo la kwanza linatoka Matendo ya Mitume, si Agano la Kale, na wakati wa Majilio na Kwaresima masomo yote matatu hufuata maana ya kipindi.

Faida ya kufuata mpango huonekana pale penye maneno magumu. Dominika ya 17 ya Mwaka A, tarehe 26 Julai 2026, ina mfano unaohusu kazi ya watu wa ziwani moja kwa moja: Mathayo 13:47. Biblia ya Union inasema ufalme wa mbinguni umefanana na “juya”. Juya ni neno la pwani. Kayenze na Igombe, kando ya ziwa huko Mwanza, watu wanasema kokoro: wavu mrefu unaozungushwa majini na kuvutwa ufukweni na watu wa pande mbili, ukibeba sangara, sato, vifaranga na matope. Kokoro limepigwa marufuku katika Ziwa Victoria kwa kuwa halichagui, na kutochagua huko ndiko mfano unakokusema: linakusanya wa kila namna, kisha watu wanaketi ufukweni kuchambua. Msomaji asiguse neno lililoandikwa. Asome juya kama lilivyo. Kueleza kwamba ni kokoro ni kazi ya mhubiri. Vivyo hivyo ile “bahari” ya Galilaya ni ziwa la maji baridi, lenye urefu wa kilomita 21 hivi. Ghuba ya Speke peke yake inalizidi. Luka ndiye anayeliita ziwa.

Turudi kwa katekista mwenye kalenda na Biblia. Akikuta “1 Fal 19:9a, 11-13a”, maana yake ni Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19: nusu ya kwanza ya mstari wa 9, aruke wa 10, asome wa 11 na wa 12, kisha nusu ya kwanza ya wa 13. Herufi a ni nusu ya mwanzo, b ni nusu ya pili. Alama ya mkato inaruka, kistari kinaunganisha. Apitie na penseli mapema, aweke alama panapoanzia na panapoishia, asije akakata mistari akiwa mbele ya watu.

Zaburi ndizo zinazoangusha wengi. Vitabu vya liturujia hufuata hesabu ya Kigiriki na Kilatini, wakati Biblia nyingi hufuata ya Kiebrania. Kalenda ikisema “Zab. 64:10-14 (K) Lk. 8:8”, anayefungua Zaburi ya 64 katika Union atakuta malalamiko juu ya adui, tena zaburi inaishia mstari wa 10. Inayotakiwa ni ya 65. Kanuni ni hii: kuanzia Zaburi ya 10 hadi 112 ya liturujia, ongeza moja, vivyo hivyo kuanzia 116 hadi 145. Za 1 hadi 8 na za 148 hadi 150 hazibadiliki. Zile chache zilizobaki ziliunganishwa au kugawanywa, zitafutwe kwa maneno yake. Kisha kuna mistari. Mara nyingi vitabu vya liturujia huhesabu kichwa cha zaburi kuwa mstari, Union haihesabu, kwa hiyo hapa mistari ya 10-14 ni 9-13. Ile “K” ni kiitikio, na rejea inayofuata inaonyesha kilikotolewa: hapa ni Luka, mbegu iliyoanguka penye udongo mzuri.

Dominika inayofuata, 19 Julai, somo la kwanza ni Hekima 12:13, 16-19. Katika Union ya kawaida kitabu hicho hakimo. Itafutwe Biblia ya Kikatoliki kabla ya Jumamosi, hasa visiwani ambako huwezi kukimbilia duka asubuhi ya Misa.

Mimbarini msomaji hasomi maandishi mekundu, yaani maelekezo ya kitabu, hasemi “somo la kwanza” wala hatangazi sura na mistari. Anaanza: “Somo katika kitabu cha nabii Isaya.” Akimaliza ananyamaza kidogo, ndipo anasema “Neno la Bwana”, na watu wanajibu “Tumshukuru Mungu”. Asome kwa sauti mara tatu nyumbani. Siku ya Pentekoste, Matendo 2 ina orodha ya Waparthi, Wamedi, Waelami, Kapadokia, Frigia na Pamfilia. Asiyeifanyia mazoezi atajikwaa jina moja baada ya jingine. Injili ya mpanzi ina umbo refu, 13:1-23, na fupi, 13:1-9. Anayeongoza ibada aseme mapema ni lipi.

Makanisa mengine yana mipango yao. KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, hutoa kalenda yenye wazo kuu la kila Jumapili. Waprotestanti wengi duniani hutumia mpango wa pamoja wa mwaka 1992, uliokua kutoka mpango wa Kikatoliki wa 1969, ndiyo maana wakati mwingine majirani wa makanisa mawili hukuta wamesikia Injili moja. Katika makanisa mengi ya Kipentekoste mhubiri huchagua mwenyewe.

Usiku wenye masomo mengi kuliko yote ni Mkesha wa Pasaka. Yamepangwa tisa: saba ya Agano la Kale, waraka kwa Warumi, na Injili. Paroko anaweza kuyapunguza ya Agano la Kale kwa sababu za kichungaji, kwa kawaida yasipungue matatu. Lakini Kutoka 14, kuvuka Bahari ya Shamu, haliachwi kamwe. Kwa hiyo parokia inapogawa wasomaji, huyo apangwe wa kwanza, apewe na mwenzake wa akiba, kwa sababu ni somo refu, linasomwa kwa mwanga hafifu, na likiisha wimbo wake unaanza mara moja.