Kabla Hujapanda Nkungwe: Namba Ipi ya Kuamini kwenye Mfuko wa Kulalia

Kila kiangazi, kati ya Juni na Agosti, malalamiko huwa yaleyale: mtu amenunua mfuko wa kulalia (wengi huuita slipingi begi) ulioandikwa nyuzi sifuri, akalala Mahale, hifadhi ya milima mkoani Kigoma, akatetemeka hadi alfajiri. Hitimisho lake ni kwamba ameuziwa feki. Mara nyingi mfuko ni mzima. Lebo ndiyo haikusomwa.

Lebo inayofuata ISO 23537, kiwango cha kimataifa cha mifuko ya kulalia, huwa na namba tatu, kwa mfano +5, 0 na −15. Maabara huchukua sanamu ya mtu inayopashwa joto, wakaivisha nguo ndefu za ndani, wakailaza kwenye mfuko juu ya godoro la kambi ndani ya chumba baridi, kisha wakapima joto linalopotea. Namba ya juu, hapa +5, ni ya starehe: mwanamke wa kawaida aliyelala amejinyoosha bila kusikia baridi. Ya kati ni ya mwanamume aliyejikunja, akiwa ukingoni mwa kutetemeka. Ya chini ni ya saa sita za kunusurika, na hapo mwili unaweza kudhurika. Turudie: hiyo ya chini si namba ya kulalia, hata kama muuzaji ameiandika kwa herufi kubwa kuliko zote. Chagua kwa namba ya juu. Watoto hawamo kabisa katika kipimo hiki.

Mifuko ya mitumba kutoka Marekani huwa na vipimo vya Farenhaiti. "40" hapo ni takriban nyuzi 4 za Selsiasi.

Halafu kuna ile kauli kwamba Kigoma hakuna baridi. Ufukwe wa Tanganyika uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Nkungwe, mlima mrefu kuliko yote Mahale, kiko mita 2,462. Kila mita 1,000 hupunguza takriban nyuzi 6, kwa hiyo ufukweni kukiwa na nyuzi 18, kileleni tarajia 8, upepo bado haujahesabiwa. Ufukweni mfuko wa starehe ya +10 unatosha. Juu, beba wa +5 au chini ya hapo.

Godoro usiliache, kwani uzito wako hukandamiza ujazo wa mfuko (kile kilichojazwa ndani yake) na baridi ya ardhi hupenya. Nguo zilizolowa jasho zivue. Nyumbani, hifadhi mfuko ukiwa umelegea. Ukibanwa miezi mingi, ujazo hauumuki tena.

Na tafadhali, jiko la mkaa lisiingie hemani. Moshi si hatari pekee: mkaa uliokolea hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, nayo huua mtu usingizini. Moto wa nje nao huwashwa sehemu iliyotengwa tu. Kwingine ni kosa kwa kanuni za hifadhi, hata kama ni kuni tatu za kuchemshia chai, na mhusika hutozwa faini au hufikishwa mahakamani. Muulize askari wa hifadhi eneo la moto kabla ya kusimamisha hema.