Mtoto mwenye utapiamlo na bakteria wa tumboni mwake

Kwa nini mtoto analishwa, uzito unapanda, kisha anadhoofu tena?

Kuharisha, maji machafu na umaskini vina sehemu yao. Ila kuna jambo lililochelewa kutazamwa: bakteria wa utumbo hubadilika kadiri mtoto anavyokua. Mwaka 2014 watafiti wa Dhaka, Bangladesh, pamoja na mtafiti Jeffrey Gordon wa Marekani, walionyesha kuwa watoto wenye utapiamlo mkali wana bakteria wa mtoto mdogo kuliko umri wao. Lishe ya tiba iliwasogeza mbele kwa muda tu.

Umri wa bakteria unajulikanaje?

Kwa choo. Choo cha watoto wenye afya kilikusanywa kila mwezi, kikagandishwa, DNA (chembe za urithi) ya bakteria ikatolewa na kusomwa kwa mashine. Programu ya kompyuta ikajifunza bakteria gani hutawala katika umri gani. Ukiipa sampuli ya mtoto mwingine, inakadiria umri. Akiwa na miezi 18 na bakteria wake wakasomeka wa miezi 10, ameachwa nyuma.

Bakteria hao wanaweza kubadilishwa?

Ndiyo, tena kwa chakula. Baada ya majaribio kwa panya na nguruwe wachanga, ulipatikana mchanganyiko wa unga wa dengu, soya na karanga pamoja na ndizi, ukiongezwa sukari, mafuta, vitamini na madini. Katika utafiti wa Mirpur, Dhaka, uliotangazwa mwaka 2021, watoto wa miezi 12 hadi 18 wenye utapiamlo wa wastani waliopewa chakula hiki waliongezeka uzito vizuri kuliko waliopewa lishe ya kawaida ya nyongeza, ingawa kilikuwa na kalori chache zaidi. Kwangu hilo ndilo kubwa: kalori peke yake hazitoshi. Baadaye jenomu (DNA nzima) za bakteria ziliunganishwa kipande kwa kipande kwenye kompyuta, na aina fulani za bakteria aitwaye *Prevotella copri* zikaonekana kuhusika kuvunja nyuzinyuzi za chakula hicho.

Nimtengenezee mwanangu nyumbani?

Kama ana afya, vyakula hivyo ni vizuri vikiiva na kusagwa. Karanga nzima humpalia mtoto. Akionekana amekonda, usijaribu kumtibu mwenyewe. Mpeleke kituo cha afya apimwe kwa utepe mzingo wa mkono wa juu: kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 12.5 ni utapiamlo, chini ya 11.5 ni mkali. Miguu yote miwili ikivimba, mpeleke siku hiyohiyo.