Nitengeneze niwe hivi: yanayosemwa saluni kuhusu uzuri

Jumamosi moja nilikuwa nimekaa chini ya draya, mteja wa kiti cha pembeni akamnyooshea msusi simu. "Dada, nitengeneze niwe hivi." Msusi akaikuza ile picha kwa vidole viwili, akaangua kicheko. "Huyu hata yeye mwenyewe hayuko hivi. Hebu ona mlango." Kweli bwana, fremu ya mlango nyuma ya yule mrembo ilikuwa imepinda, ikaingia ndani pale pale kiuno chake kilipobanwa. Programu ya simu ilikata kiuno, ikakata na mlango.

Mwenye simu hakutetereka. "Najua wanazichezea, hainisumbui."

Ukijua picha imechezewa, haikudhuru. Hii ndiyo dhana ninayoisikia zaidi, hasa kwa waliosoma. Serikali nazo ziliiamini. Ufaransa tangu Oktoba 2017 inataka picha ya tangazo iliyobadilishwa umbo la mwanamitindo iandikwe kwamba imebadilishwa, na Norwei ikafuata na sheria yake Julai 2022. Nia ni njema, lakini watafiti wakijaribu lebo za namna hiyo kwa watazamaji, mara nyingi wanakuta watu wanajilinganisha vilevile na kujichukia vilevile. Kuna majaribio yaliyoona kwamba lebo ikitaja kiungo kilichochezewa, jicho ndiyo kwanza linakikimbilia. Akili inasoma maandishi huku jicho limeshameza picha.

Dhana ya pili: kutamani wembamba ni mambo ya Wazungu, kwetu mwanamke ni mwili. Huko Fiji, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, nako ilikuwa hivyo. Mwili mkubwa ulionyesha kwamba una watu wanaokutunza, na binti akipoteza hamu ya kula wanasema ana *macake*, ndugu wanahangaika kumtafutia dawa za mitishamba. Mwaka 1995 televisheni ikaingia Nadroga, eneo mojawapo la Fiji. Anne Becker, daktari na mwanaanthropolojia wa Harvard, aliwahoji wasichana wa sekondari wiki chache tu baada ya hapo, akarudi 1998 kuwahoji wengine wa rika hilohilo. Mara ya kwanza hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Mara ya pili walikuwa asilimia 11.3. Utafiti ulikuwa mdogo, na miaka mitatu inabadilisha mengi zaidi ya runinga. Ila wasichana wenyewe walisema wanataka kufanana na waigizaji wa tamthilia, na wengine waliona wembamba utawapatia kazi.

Na hata tukikubali kwamba kwetu mwanamke ni mwili, ni mwili upi? Siku hizi si unene tu, ni namba nane: tumbo lisiwepo, makalio yajae. Nao huo ni mtego. Dawa za maji za kunenepesha zinazouzwa mkononi, baadhi zina siproheptadini, ambayo asili yake ni dawa ya mzio. Njaa inayoleta ni athari yake ya pembeni, sawa na usingizi mzito unaomfanya mtu asinzie kazini. Wala haijui makalio yako wapi. Mafuta yatakaa yanapotaka yenyewe, na kwa wengi wetu tumbo ndilo linatangulia.

Dhana nyingine: mkorogo wa bei ghali hauna madhara. Hapa nikae kidogo, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Tanzania ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, tangu 2003, na bado vinapatikana. Bei haikuambii kilichomo. Karatasi yake inaweza kukuambia: ikikuonya usiiguse krimu ukiwa umevaa dhahabu au fedha, shuku zebaki, kwa sababu zebaki hushambulia madini hayo. Hiyo hiyo unaipaka usoni, inapita kwenye ngozi hadi kwenye figo. Taulo mnayochangia nyumbani inaihamishia kwa mtoto.

Haidrokwinoni ina ujanja mwingine. Ikitumiwa muda mrefu inaweza kuleta mabaka ya rangi ya bluu-nyeusi, hasa mashavuni, na mwenyewe akidhani ni weusi uliobaki, anaongeza dozi. Halafu kuna krimu za steroidi kama klobetasoli, ambazo ni dawa za magonjwa ya ngozi, si losheni. Zinaifanya ngozi iwe nyembamba kama ya kitunguu, vidonda vinachelewa kupona, na ukiacha ghafla uso unawaka, unarudi dukani mbio. Wengi huona huo mwako ni ushahidi kwamba "krimu ilikuwa inafanya kazi". Vifundo vya vidole, vyenye ngozi nene, vinabaki vyeusi. Mtaani wanasema uso Fanta, miguu Coca-Cola. Utani mkali, na nauonea haya, kwa sababu wanaoucheka ndio haohao wanaomwita binti mweupe "mtoto mzuri" na mweusi "mzuri, *ila* mweusi".

Michirizi na vishimo vya mapajani ni vya wanene. Hapana. Michirizi hutokea ngozi ya ndani ikivutwa haraka, iwe ni kubalehe, mimba au kunenepa, na hakuna krimu inayoifuta. Huwa inafifia yenyewe. Vile vishimo wanavyoita seluliti viko kwa asilimia 80 hadi 90 ya wanawake waliokwisha balehe, wembamba wakiwemo. Huvioni kwenye matangazo kwa sababu vimefutwa.

Turudi saluni. Msusi alimaliza, nywele zikatoka safi kweli, akamsimamisha mteja mlangoni ampige picha ya kuweka stetasi. Kabla hajaituma nikamwona anaigusagusa kwa kidole: uso ukalainika, chunusi ya kidevuni ikayeyuka. Yuleyule aliyecheka mlango uliopinda.

Mteja akachungulia. "Nitumie na mimi hiyo."