Je, wajua kwa nini sindano ya kutolea mkojo uliokwama kwenye figo hupitishwa kwenye nyama ya figo?

Mzee mmoja, jirani yetu hapa Kadutu, Bukavu, alirudi kutoka hospitali na mpira mwembamba mgongoni, mkojo ukidondokea kwenye mfuko. Jiwe lilikuwa limeziba njia ya kwenda kibofuni, figo ikavimba. Ni kama mto Ruzizi, unaotoa maji ya Ziwa Kivu, uzibwe pale unapoanzia: ziwa lingepanda hadi barabarani.

Watu walipouliza daktari alitoboa wapi, nikajibu mimi ambaye sikuulizwa: "Alilenga bwawa la mkojo katikati ya figo. Nyama aliikwepa, ina damu nyingi mno." Kuhusu damu nilisema kweli. Figo mbili hupokea karibu sehemu moja kwa tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Njia ndiyo niliyokosea: sindano hupitishwa kwenye nyama hiyohiyo, tena kwa makusudi.

Mishipa mikubwa ya damu huingilia penye bonde la figo, yaani pale ilipobonyea upande wa ndani, ubavuni mwa bwawa. Anayekwepa nyama kwa kuogopa damu anaelekea kwenye mabomba makuu. Halafu ukuta wa bwawa ni mwembamba. Jaza maji mfuko wa nailoni, uchome kwa mrija wa soda: maji yatavuja pembeni, na mrija hautakaa. Mrija huohuo uchomeke kwenye kiazi kitamu kilichoiva, utabanwa. Nyama ya figo hufanya kazi ya kiazi.

Basi daktari, macho kwenye ekografi, mashine inayoonyesha ndani ya mwili kwa mawimbi ya sauti, huingilia mgongoni kwa upande, akipenya nyama mpaka kwenye kimoja cha vikombe vidogo vinavyopeleka mkojo bwawani, mara nyingi cha chini. Upande huo wa mgongoni matawi ya mshipa wa damu wa mbele ya figo na ya ule wa nyuma hukaribiana yakiwa yamekonda, kama mpaka wa mashamba mawili ambako kila jirani amepanda haba. Mpaka huo aliueleza Max Brödel mwaka 1901, naye hakuwa daktari bali mchoraji. Tusiuamini kupita kiasi: haukai mahali pamoja kwa kila mtu, na damu ipo, ila ni chache. Ndiyo maana mkojo wa siku ya kwanza au ya pili huweza kuwa mwekundu kidogo.

Kisha waya hupitishwa ndani ya sindano, sindano ikatolewa, mpira ukateleza juu ya waya. Ncha yake hujikunja huko ndani kama mkia wa nguruwe, usichomoke.

Nilirudi kwa mzee kujisahihisha. Akasikiliza, akauliza: "Na kulala je, mwanangu?" Hata chali, nikamwambia; tundu huwekwa kwa upande pia ili mgongo usiukandamize mpira.